'Mourn' si kuomboleza tu: Kitenzi kimoja cha Kiingereza kinavyoyameza maneno yetu ya msiba

Hebu zitazame sentensi hizi nne. Nimezitunga mwenyewe, lakini msomaji wa magazeti na msikilizaji wa redio atazitambua kama anavyoitambua sauti ya jirani yake:

(i) Viongozi wamemwomboleza marehemu kama mzalendo halisi.
(ii) Gavana ameomboleza na familia iliyompoteza mwana wao katika ajali ya barabarani.
(iii) Waombolezaji walitawanywa kwa gesi ya kutoa machozi.
(iv) Taifa limo katika kipindi cha maombolezo.

Nyuma ya sentensi zote nne kimejificha kitenzi kimoja cha Kiingereza, nacho ni 'mourn'. Taarifa nyingi za vifo vya watu mashuhuri nchini humu hutolewa kwanza kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili huzipokea, saa ya kufunga ukurasa imewadia, mhariri anamhimiza, naye anatafsiri mbiombio. Anapokutana na 'mourn', mkono wake unakwenda wenyewe kwenye 'omboleza'. Hana muda wa kujiuliza. Simlaumu sana, nimefundisha tafsiri miaka mingi na ninajua mkono huo unavyokwenda. Hata hivyo, juma hili ningependa tujiulize kwa niaba yake: je, kila anayesemekana kwa Kiingereza kuwa 'anamourn' ndiye tunayeweza kusema kwa Kiswahili kuwa anaomboleza?

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana huwezi kutafsiri neno ambalo hujui limetoka wapi. 'Mourn' limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale, 'murnan', ambacho kilimaanisha kuhuzunika, kuhangaika moyoni, kushughulishwa na jambo. Kwa hivyo tangu mwanzo neno hili lina kitu cha ndani, kitu cha moyo. Baadaye likapanuka hadi kuhusu mambo ya nje: desturi, muda na hata mavazi. Nomino yake, 'mourning', inaweza kuwa jina la nguo nyeusi za kufiwa. Malkia Victoria wa Uingereza alivaa nguo hizo kuanzia mwaka wa 1861 alipofariki mumewe, Albert, hadi naye alipoaga dunia mwaka wa 1901. Karibu miaka 40! Hakuna mtu anayeweza kulia kwa sauti kwa miaka 40, lakini kwa Kiingereza ni sawa kabisa kusema kwamba malkia huyo 'alimourn' miaka yote hiyo.

Wataalamu wa nafsi nao wakaja na yao. Mwaka wa 1917 Sigmund Freud alichapisha makala mashuhuri ambayo kwa Kiingereza yanajulikana kama 'Mourning and Melancholia'. Humo 'mourning' ni kazi inayofanywa na nafsi, polepole, mpaka ikubali kwamba aliyependwa hayupo tena. Ni kazi ya ndani tupu, wala haina haja ya chozi hata moja kuonekana. Kwa upande mwingine, wapo wataalamu wa leo wanaotofautisha 'grief', yaani uchungu wenyewe, na 'mourning', yaani jinsi uchungu huo unavyoonyeshwa hadharani. Kwa hivyo hata Waingereza wenyewe hawajakubaliana kama neno lao ni la ndani au la nje. Ni neno pana kama shuka. Ukilitupa, linafunika kitanda kizima.

Sasa tuje kwetu. Kuomboleza si shuka. Ni kitenzi chenye sauti. Ukizichungua kamusi zetu utaona kwamba zinakihusisha na kulia, na kutoa sauti ya huzuni, hasa kwa sababu ya kifo. Kina ndugu yake wa karibu ambaye walimu wa fasihi simulizi wanamjua vizuri: mbolezi, yaani wimbo wa kilioni. Anayeomboleza anasikika. Anataja jina la marehemu, anamsifu, anamuuliza kwa nini ameondoka, anamlalamikia, pengine hata anamkemea. Yeyote aliyewahi kufika kwenye boma la msiba magharibi mwa Kenya, akawasikia wanawake wakiingia langoni huku wakilia kwa maneno, anajua kwamba hicho si kilio cha hivi hivi. Kina utungo na mpangilio wake, na kina majina ya ukoo ambayo lazima yatajwe.

Kama unadhani nalivuta neno hili upande wangu, wasikilize watu ambao walilazimika kulipima kabla yangu. Biblia ya Kiswahili ya mwaka wa 1952, ile ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani, ina kitabu cha Agano la Kale kinachoitwa Maombolezo. Kwa Kiingereza kitabu hicho hakina jina lenye 'mourn' ndani yake. Kinaitwa 'Lamentations', yaani vilio vyenye maneno, tungo za uchungu juu ya mji ulioangamizwa. Watafsiri walipata neno barabara. Lakini walipofika kwenye Mathayo 5:4, katika zile heri za mlimani, ambapo Biblia nyingi za Kiingereza zina 'mourn', hawakuandika kuomboleza. Wakachagua neno huzuni. Kwa nini? Kwa sababu hapo hapazungumziwi sauti wala desturi ya matanga. Panazungumziwa hali ya moyo. Kisha katika Mhubiri 3:4, ambapo kitenzi hicho hicho cha Kiingereza kimewekwa mkabala na kucheza ngoma, kuomboleza kukarudi. Hapo palihitaji tendo dhidi ya tendo, mwili unaolia dhidi ya mwili unaocheza. Pale ambapo Kiingereza kina neno moja, watafsiri hao walijua kwamba ni mawili kwa Kiswahili.

Mimi nasema si mawili tu. Ni mengi, na hapa ndipo utamu wa jambo hili ulipo.

Msiba kwa Kiswahili una watu wenye nafasi mbalimbali, na kila mmoja ana kitenzi chake. Kuna aliyefiwa, huyo ni mfiwa. Kuna anayekaa matanga, yaani anayeacha shughuli zake na kushinda, pengine hata kulala, kwenye nyumba ya msiba hadi siku ya kuondoa matanga. Kuna mjane Mwislamu anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi. Waswahili wa pwani humwita kizuka kwa muda huo. Kuna anayekuja kuhani, yaani kuwapa pole wafiwa na kushiriki katika msiba wao, kisha anarudi kwake. Kuna anayetoa rambirambi, ambazo zinaweza kuwa maneno na zinaweza kuwa pesa za kusaidia gharama. (Ukiwa Tanzania, ukisema umetoa rambirambi, usishangae ukiulizwa ni shilingi ngapi.) Kuna anayeandika taazia. Kuna anayetangaza tanzia. Na kuna mzishi. Neno hili la mwisho nalipenda mno, na nasikitika kwamba vijana wetu hawalijui: mzishi ni mtu anayeshiriki katika kuzika, lakini pia ni rafiki wa kufa na kuzikana, yule unayemtegemea kwamba siku yako ikifika hatakosa kuwapo.

Kwa Kiingereza, wote hawa, ukiondoa labda yule wa tanzia, unaweza kuwaita 'mourners' na usikosolewe na mwalimu yeyote. Sisi tukitafsiri 'mourners' kuwa 'waombolezaji' kila mara, tunawavua vyeo vyao.

Turudi basi kwenye sentensi ya tatu, ile ya gesi ya kutoa machozi. Ni nani hasa aliyetawanywa? Ni wafiwa, jamaa za marehemu, waliokuwa wakilia kando ya jeneza? Ni wazishi waliokuwa na sepetu mikononi? Au ni vijana waliosafirishwa kwa matatu tatu kuja kumzomea mbunge? Wakenya tunajua kwamba mazishi yetu yamekuwa majukwaa, na kwamba si kila aliyesimama chini ya hema amekuja kwa sababu ya marehemu. Neno 'waombolezaji' linawafanya wote kuwa wamoja. Msomaji aliyeko Lodwar au Lamu hawezi kujua kama polisi waliwarushia gesi mama na watoto waliofiwa au waliitawanya ghasia ya kisiasa. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. 'Waliohudhuria mazishi' lingetosha, na kama ni wafiwa, waitwe wafiwa.

Sentensi ya pili inanikera zaidi. 'Gavana ameomboleza na familia.' Mimi nikiisoma kwa Kiswahili changu namwona gavana ameketi chini pamoja na akina mama, mikono kichwani, sauti imepanda. Kumbe mheshimiwa yuko ofisini, kiyoyozi kinavuma, na msaidizi wake amepakia maneno matatu kwenye mtandao. Huyo hakuomboleza. Ametuma rambirambi, amewapa pole wafiwa. Kama alikwenda nyumbani kwao, basi alikwenda kuhani. Tunapomwandika kuwa ameomboleza, tunampa bure heshima ambayo kina mama walioketi chini wameilipia kwa koo zao.

Nataka nikae kidogo kwenye sehemu ya pili ya sentensi hiyo: 'familia iliyompoteza mwana wao'. Hii nayo ni tafsiri ya moja kwa moja ya kitenzi cha Kiingereza, 'lose', ambacho ni pacha wa 'mourn' katika taarifa za vifo. Kumpoteza mtu kwa Kiswahili ni jambo jingine. Ni kumfanya apotee njia, ni kumpotosha, na katika maongezi ya mitaani 'kumpoteza' mtu ni kumwangamiza usijulikane ulikompeleka. Mtoto aliyepotezwa sokoni hutangazwa kwa kipaza sauti na huenda akapatikana akila mahindi kwa jirani. Sasa familia 'iliyompoteza mwana' inamtafuta, au ndiyo inayoshukiwa?

Na haya yote yanatokea ilhali tuna kitenzi ambacho Kiingereza kingetuonea wivu: kufiwa. Tazama kilivyojengwa. Mzizi ni -f-, wa kufa. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata kufia: alifia hospitalini, mtoto alimfia mikononi. Tukiongeza cha kutendwa tunapata kufiwa: Amina amefiwa na mamake. Sarufi hapa inafanya jambo la ajabu. Inamtoa aliyekufa kwenye nafasi ya kiima na kumweka aliyebaki. Habari si tena ya mauti. Ni ya Amina. Na bado mama hajafutwa. Yupo baada ya 'na', kama mtenda. Kifo chake ni jambo lililompata yeye, lakini pia ni jambo lililofanyika kwa mwingine.

Kiingereza kikitaka kusema hivyo hulazimika kuazima kwa jirani. Neno lao 'bereaved' lina asili ya kunyang'anya, kupora. Kifo ni mwizi na aliyebaki ni mwathiriwa wa wizi. Wakisema 'lost', basi aliyebaki ni mtu aliyedondosha kitu. Wana pia usemi wa mitaani unaofanana na wetu wa kufia, lakini huo aghalabu una sauti ya malalamiko. Husemwa hata juu ya gari lililozimika barabarani. Kufiwa hakuna wizi, hakuna uzembe wala lawama. Kunaweka tu uhusiano wa watu wawili ndani ya kitenzi kimoja. Ndiyo maana huwezi kufiwa na mtu usiyekuwa na chochote naye. Mwenzetu Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, alipofariki Aprili 2020, wapenzi wa Kiswahili walikuwa na haki ya kusema 'tumefiwa', ingawa wengi wao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Sentensi hiyo ilidai undugu, na undugu ulikuwepo. 'Tumempoteza' isingedai kitu.

Kuhusu sentensi ya kwanza sitachelewa sana. 'Wamemwomboleza kama mzalendo' imenakiliwa neno kwa neno, pamoja na kile kihusishi cha Kiingereza ambacho kimegeuzwa kuwa 'kama'. Lakini 'kama' yetu hulinganisha. Aliyelala kama mfu hajafa. Aliyeombolezwa kama mzalendo basi hakuwa mzalendo, ila tu alililiwa kwa namna ambayo wazalendo hulilia wenzao au hulilowa; sijui hata ni ipi kati ya hizo. Kilichokusudiwa ni kwamba viongozi walimsifu marehemu na kumtaja kuwa mzalendo. Wakati huohuo, naomba ratiba za mazishi zikome kutuandikia 'Tawasifu ya Marehemu' pale ambapo mtu mwingine ndiye aliyeandika maisha yake. Tawasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na yeye mwenyewe. Kinachosomwa pale mbele ya jeneza ni wasifu.

Mtu ataniambia: Profesa, haya ni mambo ya wasomi, mwananchi anaelewa tu. Pengine. Lakini nitatoa kisa kimoja ambacho kilinifanya nisiyachukulie kuwa mambo ya kupita.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliajiriwa kwa muda kutafsiri hojaji ya watafiti wa afya ya akili waliotaka kujua jinsi watu walivyoathirika kwa kufiwa wakati wa Korona. Mtakumbuka hali ilivyokuwa mwaka wa 2020. Idadi ya waliohudhuria mazishi iliwekewa kikomo, miili ilizikwa haraka, na wakati mwingine usiku, na watu waliovalia mavazi ya kujikinga. Hojaji ilikuwa ya Kiingereza. Swali lake moja liliuliza kama mhojiwa 'alimourn' na kwa muda gani. Aliyeifanyia kazi kabla ya mwanafunzi wangu alikuwa ameandika: Uliomboleza? Kwa muda gani?

Mjane mmoja alijibu hivi: "Sikuomboleza, mwanangu. Walimzika jioni hiyohiyo, tukaambiwa turudi nyumbani."

Karani akatia alama kwenye kijisanduku cha 'Hapana', na pale pa muda akaandika sufuri.

Mwanafunzi alipozipitia karatasi hizo aliziona 'Hapana' nyingi za namna hiyo, akaniletea. Kwenye lugha ya ripoti, iliyokuwa iandikwe kwa Kiingereza, wajane hao wangeonekana kuwa watu ambao hawakuhuzunika hata siku moja, au ambao nafsi zao zimekataa kukubali kilichotokea. Mshauri nasaha aliyemsoma Freud angekuwa na mengi ya kusema juu yao. Kumbe walikuwa wamesema jambo lililo kinyume kabisa. 'Sikuomboleza' ya mama yule ilikuwa shtaka. Alikuwa akisema kwamba alinyimwa kilio: hakuna aliyeingia langoni akimtaja mumewe, hakuna aliyekaa naye usiku, hakuna aliyeondoa matanga kwa sababu matanga hayakuwekwa. Huzuni ilikuwepo tele, lakini haikupata sauti, na kitenzi alichoulizwa kilikuwa kitenzi cha sauti. Alijibu swali lililoulizwa, kwa usahihi. Waliouliza ndio hawakujua wameuliza nini.

Tulikaa na mwanafunzi yule alasiri moja tukalipasua swali hilo. Ulihuzunika kwa muda gani baada ya kufiwa? Je, bado unahuzunika? Je, mlipata nafasi ya kumlilia marehemu na kukaa matanga kama ilivyo desturi yenu? Je, kuna watu waliokuja kukupa pole? Swali moja likawa manne. Watafiti walinung'unika kwamba hojaji imerefuka, na kwamba majibu hayatalingana tena safu kwa safu na yale ya Kiingereza. Sijui walitaraji nini. Ukichukua shuka moja ukawafunika watu wanne, lazima mmoja miguu itoke nje.

Sasa, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kuomboleza kubaki kifungoni katika maana yake ya kale. Sentensi ya nne, ile ya kipindi cha maombolezo, siipingi. Alipofariki Rais John Pombe Magufuli mnamo Machi 17, 2021, Tanzania ilitangaza siku za maombolezo. Alipofariki Rais mstaafu Mwai Kibaki Aprili 2022, Kenya nayo ilifanya hivyo hivyo. Dola haina koo ya kulilia wala machozi, lakini ina bendera ya kushusha nusu mlingoti, na ilihitaji jina la tendo hilo. 'Maombolezo ya kitaifa' limekaa vizuri, limeeleweka pande zote mbili za mpaka, na lina ule uzito wa hadharani ambao kitenzi chenyewe kimekuwa nao siku zote. Neno lilipanuliwa kufuata mkondo wake. Ni tofauti na kulipanua kinyume chake, hadi liwe jina la mtu aliyekaa kimya peke yake akiitazama picha ukutani. Kwa huyo tuna majonzi, simanzi, jitimai na huzuni, na yanatosha.

Vilevile sitaki ionekane kwamba kila desturi yetu ina neno lake tayari limewekwa kabatini. Wabukusu wana kumuse, ambapo baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi, mlumbi maalumu husimama na kuzungumza juu ya maisha na mauti, asili ya watu na jinsi walio hai wanavyopaswa kuishi, nao waliohudhuria humsikiliza. Je, huko ni kuomboleza? Kwa Kiingereza, bila shaka utaambiwa ni sehemu ya 'mourning'. Kwa Kiswahili mimi nasita. Hakuna anayelia pale. Nadhani ni afadhali tuliache jina lenyewe, kumuse, na kulieleza, kuliko kulitia ndani ya kapu la maombolezo kwa sababu tu Kiingereza kina kapu kubwa.

Kwa waandishi na wahariri, ambao najua wananisoma asubuhi huku wakinywa chai na kuguna, hoja yao ya kila siku ni nafasi. Kichwa cha habari kina maneno matano, nitayatoa wapi maelezo yote hayo? Lakini katika jambo hili Kiswahili kinawapunguzia kazi. 'Kulilia' ni fupi kuliko 'kuomboleza' na linambeba mtendewa bila taabu: Wanakijiji wamlilia mwalimu wao. 'Wafiwa' ni fupi kuliko 'familia iliyompoteza mpendwa wao'. 'Afiwa' inachukua herufi tano.

Ugumu wa kweli uko kwenye kuhani. Mkenya wa bara amelijua neno hilo kanisani, ambako kuhani ni mtu anayetoa sadaka madhabahuni. Mwandikie kwamba mbunge alikwenda kuhani Kisauni, na huenda akadhani mheshimiwa ameacha siasa akajiunga na ukasisi. Maneno haya mawili yanafanana kwa sura tu. La kanisani ni nomino yenye wingi wake, makuhani. Hili la msiba ni kitenzi, mzizi wake ni -hani, nalo hunyambuliwa na kuambishwa kama vitenzi vingine: tulimhani, watakuja kutuhani, wamehaniwa. Watu wa Mombasa na Unguja huyatumia yote mawili bila kuchanganyikiwa. Mhariri anayelihofia kwenye kichwa cha habari anaweza kuanza nalo ndani ya habari yenyewe, aya ya pili au ya tatu, ambapo sentensi ina nafasi ya kulishika mkono: 'Majirani walifika jioni kuwahani wafiwa.'